Pedi Zilizopita Bila Kuvaliwa

Kanuni yake ilikuwa moja, na hakuipindisha kwa ajili ya mtu yeyote: pedi haiendi kwa mtoto wa mwenzio kabla hujaivaa kutwa nzima, ukakaa nayo, ukainama, ukafanya kazi, kisha ukaifua na kuianika. Kikundi cha akina mama waliojitolea kuwashonea wasichana wa shule pedi za kitambaa kiliizoea kanuni hiyo kama kilivyomzoea mwenyewe, fundi wa mtaa waliyemwita Mama Futi kwa sababu ya ile futi ya kupimia ambayo haikumtoka shingoni hata akiwa jikoni. Walimtania kwamba angeweza, angekihoji kitambaa kwanza ndipo akikate. Yeye hakucheka. Aliwaambia msichana anayepewa kitu bure hana mahali pa kukirudisha kikiwa kibovu, kwa hiyo anayetoa ndiye anayetakiwa kuwa mkali.

Kila walipobadili kitambaa au umbo, aliyejaribu alikuwa yeye. Umri ukafika, hedhi ikakoma. Wenzake, wengi wao wa rika lake, wakasema amestaafu bila kiinua mgongo kama wao. Akajaribu kumimina maji kwenye pedi iliyotandikwa kitini, akaikalia. Hakupata lolote ila gauni lililolowa, maana maji si damu, na anayekaa tu si sawa na anayetembea. Ndipo akamgeukia mkamwana wake.

Mkamwana huyo, mke wa kitinda mimba wake, aliishi na mumewe katika vyumba vya uani. Alikuwa mpole, mcheshi akishazoeana na mtu, na ndoa yake ilikuwa imekaa muda wa kutosha majirani kuanza kumtazama tumbo kabla ya uso. Mama Futi hakuwa mmoja wao. Hilo lisemwe kwa haki: hakuwahi kumuuliza habari za mtoto, wala hakuruhusu mtu aulize mbele yake. Alichotaka kujua ni kama upindo unachubua na kama mabawa yanashika. Lakini ili ayajue hayo ilimbidi aulize kila mwezi, kupitia dirisha la uani, mguu ukiwa bado kwenye pedali ya cherehani: "Tayari, mwanangu, au bado?"

Na kila mwezi mkamwana alijibu kwamba tayari. Mama mkwe alisikia habari za pedi. Mkamwana alikuwa akitamka, mbele ya mtu aliyemheshimu kuliko wote nyumbani, kwamba mwezi huu pia hakuna mimba. Hakukataa hata mara moja. Kazi ilikuwa ya heri, na mama mkwe alimwomba kwa upole. Angeanzia wapi?

Mwaka huo mfanyabiashara mmoja aliwapa nailoni mpya ya kuzuia maji, nyepesi kuliko ile ya zamani. Akina mama waliifurahia kwa sababu ilishoneka kirahisi, wakaona wapitishe mshono mmoja katikati ili isitembee ndani ya flana, kile kitambaa laini cha kugusa mwili. Mama Futi akashona ya mfano, akampa mkamwana. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, vitambaa vimerundikana mezani, kikundi kinangoja neno lake. Akauliza dirishani. Akajibiwa bado. Akauliza tena baada ya siku chache, na safari hii jibu likaja haraka: tayari, mama, nimeivaa, iko sawa.

Wakakata, wakashona, wakapeleka.

Haukupita mwezi, mwenyekiti wa kikundi akaingia na mfuko wa pedi zilizorudishwa. Mwalimu wa malezi alikuwa amempigia simu. Zinavuja. Msichana mmoja alisimama kwenda ubaoni, darasa likaangua kicheko, akaenda nyumbani na hajarudi. Mama Futi akaichukua moja, akaifumua, akaielekeza kwenye mwanga. Katikati ya nailoni kulikuwa na mstari wa matundu ya sindano, na damu ilikuwa imepita humo. Asubuhi moja ya kuivaa ingetosha kulionyesha hilo.

Mwenyekiti alipoondoka, akaenda uani. Mkamwana alikuwa akikunja nguo kitandani.

"Ile ya mfano, uliivaa?"

Mkamwana akaendelea kukunja shati lile lile. "Sikuivaa, mama."

"Kwa nini uliniambia umeivaa?"

"Siku zangu zilikuwa zimechelewa. Ningeendelea kusema bado, ungejua. Najua usingesema kitu, lakini ungeanza kuninyang'anya ndoo nikienda bombani. Nilitaka kwanza nijue peke yangu."

"Na sasa?"

"Zilikuja. Siku ile ile mliyopeleka mizigo."

Mama Futi alikuwa ameingia na maneno makali, ameyapanga vizuri. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akachukua upande wa pili wa shuka, wakakunja pamoja.

Kwenye kikao kikundi kikataka kujua nani aliyejaribu. Sentensi moja ingemsafisha, na kabla ya jioni mtaa mzima ungekuwa unajadili tumbo la mkamwana wake. Akasema zilipita mikononi mwake bila kuvaliwa na mtu.

"Wewe?" mwenyekiti akauliza. "Wewe uliyetufumulisha mishono mpaka vidole vikaota sugu?"

"Mimi. Kosa ni langu."

Mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba kumbe ukali ulikuwa wa kuwauzia wengine. Mama Futi alikuwa amesema kweli, akaiacha tu ile sehemu isiyokuwa mali yake. Na kosa lilikuwa lake kwelikweli: kanuni aliyojiwekea mwenyewe alimtwika mtu mwingine, na asiulize hata siku moja inamlemea vipi.

Alifumua pedi zote na kuzishona upya kwa kitambaa chake. Alikwenda nyumbani kwa yule msichana kuomba radhi, akapokelewa na mama mtu mlangoni, hakukaribishwa ndani. Kwa mkamwana hakuuliza tena dirishani.

Msichana yule alikosa mitihani ya muhula, akarudia darasa. Mama Futi aliondolewa kwenye ukaguzi, kazi aliyoipenda kuliko zote, akapewa ya kubandika vifungo vya mabawa. Ule ukaguzi hakurudishiwa.