Karavani Iliyovutika Kirahisi

Chekeni tu, jamani. Chuma kinachounganisha gari na karavani, kile kijumba cha magurudumu cha kukokota, kililegea, nikakifunga mwenyewe kwa waya. Fundi wa nini, na video nimetazama mbili nzima?

Mama mkwe, mgeni wetu kutoka Tanga, nikampandisha ndani ya karavani. Heshima hairuhusu kubanana na mkwe kwenye gari dogo.

Tukaondoka Malvern, mtaa lilipo duka langu, kwenda kutalii. Njia nzima namtambia mke wangu: "Unaona gari lilivyo jepesi? Hiyo ndiyo kazi ya mikono yangu!"

Tulipofika Midrand, mwendo wa nusu saa, simu ikalia. Mama mkwe.

"Baba Zuhura, samahani mwanangu, mbona tumesimama sana? Watu wanapiga honi, na duka lako bado naliona."