Noti Aliyoiruka Kaka Yangu

Kaka yangu alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, paji la uso likiwa limelala juu ya piano. Mhudumu wa hoteli alidhani amejipumzisha, akamwekea kikombe cha chai pembeni na kwenda zake. Aliporudi, chai ilikuwa imeshika utando na kaka hajasogea.

Kanisani kwetu watu wanamkumbuka kwa jambo moja tu, lile alilolifanya kwenye mazishi ya baba. Naandika ili wajue lilitokeaje, na mimi nilifanya nini baada yake. Mungu ananiona ninapoandika, kwa hiyo sitapamba.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka arobaini. Sisi wanawe wawili alitufundisha piano ya kanisa kwa rula. Aliiweka juu ya migongo ya mikono yetu tukipiga, na ikianguka unaanza wimbo upya. Mimi iliniangukia mpaka baba akachoka, nikaishia kujua mkono wa kulia tu. Kaka haikumwangukia. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa akipiga ibada nzima, miguu ikining'inia, na akina mama wakipita wanamshika kichwa kama wanagusa kitu kitakatifu.

Baba alikuwa na wimbo wake mmoja, alioutunga mwenyewe na kuuandika kwa penseli. Beti tatu. Mstari wa tatu wa kila ubeti unapanda taratibu, unapanda tena, halafu unafika kwenye noti moja ya juu na kukaa hapo, kama mtu aliyefika kileleni akavuta pumzi. Baba alikuwa akisema noti ile ndiyo sala yenyewe, na zilizobaki ni ngazi tu.

Kaka alipofika miaka kumi na tisa alianza kusikiliza jazi kwenye redio ya jirani. Siku ilikuwa haipiti hajaning'inia dirishani kwao. Baada ya muda tukaanza kuisikia jazi ileile kwenye ibada. Aliongeza noti pale zisipokuwepo, akachelewesha pale pa kuwahi, mkono wa kushoto ukawa unatembea kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Vijana walifurahi, wazee wakakohoa. Jumapili moja aliukunjakunja wimbo wa baba. Baba aliinuka mbele ya watu wote, akafunga kifuniko cha piano, na vidole vya kaka vikaponea chupuchupu.

"Hutaigusa tena hii mpaka nife," baba alisema.

Baba hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili, na kaka hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Aliondoka nyumbani wiki ileile.

Alipata kazi kwenye hoteli iliyo karibu na stesheni. Kulikuwa na ukumbi wa chai wenye mapazia mazito na piano nyeusi iliyokuwa imezeeka kabla yake. Alipiga jazi kila siku, tangu saa tisa alasiri hadi saa moja jioni, yeye na mzee mmoja wa gitaa la besi aliyekuwa akisinzia huku anapiga na hakosei. Abiria waliokuwa wakingoja treni waliingia kunywa chai, wengine wakaachwa na treni.

Piano ile ilikuwa na ubovu mmoja. Vitufe vyake kaka aliviita meno, na jino moja la katikati, upande wa kulia kidogo, lilikuwa limekufa. Kinyundo chake cha kugonga waya kilikuwa kimevunjika ndani. Ukilibonyeza lilishuka kimya. Meneja alisema wageni hawajui tofauti, basi likabaki hivyo. Kaka akajifunza kuliruka. Alipolifikia, aligonga la chini yake na la juu yake upesi upesi, akarudi chini, kama mtu anayeruka dimbwi na viatu vipya. Watu wakaupenda ule mruko kuliko noti yenyewe. Akiruka, ukumbi mzima ulisema "Eeeh!" Wahudumu wakampa jina la Dimbwi.

"Kaka, na hilo jino utalitengeneza lini?" nilimuuliza siku moja nilipokwenda kumpelekea habari za nyumbani.

"Nilitengeneze ili nife njaa? Hilo ndilo lililoniajiri," alisema akicheka. "Hawa hawaji kusikia meno themanini na saba yaliyo hai, mdogo wangu. Wanakuja kusikia moja lililokufa."

Nilicheka pia. Niweke wazi hapa: nililijua lile jino. Sina pa kujifichia.

Miaka thelathini ilipita hivyo. Kaka hakuoa, alisema piano ina wivu. Baba hakumtaja, ila kila nilipotoka mjini aliniuliza, "Watu wa huko hawajambo?" na mimi nilijua watu wa huko ni mtu mmoja.

Kisha baba akaugua. Usiku wake wa mwisho alinishika mkono na kusema maneno niliyoyangoja tangu nikiwa msichana.

"Mwambie mwanangu aje anipigie. Nikishalala ndani ya sanduku, neno langu limekwisha, anaweza kuigusa. Lakini aupige kama nilivyouandika. Asiongeze, asipunguze."

Nilimpelekea kaka ujumbe ule ukumbini. Alikaa kwenye kiti chake, akakunja mikono mapajani, akalia bila sauti mbele ya wageni na vikombe vyao.

"Kamwambie mzee..." alisema, halafu akakumbuka kuwa hakuna tena wa kuambiwa. "Nitaupiga. Ule wimbo naujua tangu nina meno ya utoto."

Alikuwa na siku mbili za kujiandaa, na piano ya kujiandalia ilikuwa ile ile ya hotelini.

Siku ya mazishi alikuja na suti nyeusi iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Kanisa lilijaa. Sanduku la baba lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye piano. Kaka alilifungua lile karatasi la penseli, akaliweka sawa, akaanza. Kwaya ikaingia, nami nikiwamo. Alipiga vizuri, wima kabisa, rula isingeanguka. Nikamwona mzee wa kanisa, yule aliyekuwa rafiki wa baba, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Tukafika mstari wa tatu. Tukapanda, tukapanda tena, na pale kileleni kaka akaruka.

Ilikuwa noti ileile, pale pale lilipo jino bovu la hotelini. Lakini piano ya kanisa haikuwa na jino bovu. Chini, juu, chini, upesi upesi, na noti ya baba haikulia. Sisi waimbaji tulikanyagana. Kaka aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Ubeti wa pili jasho lilimtiririka, nikamwona amekazana, midomo ikihesabu. Akafika, akaruka tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Na kule nyuma, mhudumu wa hoteli, aliyekuja kumzika baba wa rafiki yake kwa moyo mweupe kabisa, sauti ikamtoka:

"Eeeh!"

Kwenye ubeti wa tatu mzee wa kanisa alisimama, akaenda taratibu, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Inatosha, kijana," alisema. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Tulimaliza wimbo wa baba bila piano.

Nje, watu wakiwa wanapanga mashada, nilimfuata kaka ukutani alipojibanza.

"Hata maiti umemfanyia maonyesho," nilimwambia. "Na mpiga makofi umekuja naye."

"Mdogo wangu, si mimi. Ni mkono."

"Mkono una mwenyewe."

Aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu aliyeungua.

Nilikasirika miezi minane. Nilisali asubuhi na jioni, nikasamehe ulimwengu mzima kwa majina, jina moja nikaliruka.

Mimi ni fundi cherehani, nashona majoho ya kwaya. Mwezi wa nne kaka alikuja kwenye chumba changu cha kazi. Hakukaa. Alisimama katikati ya vitambaa vyeupe akiogopa kuvigusa.

"Nina ombi. Nisemee kwa wazee. Nipewe Jumapili moja, au hata siku ya kazi, watu wasiwepo. Wewe na wao tu mnatosha. Niupige mara moja ulivyoandikwa, halafu sitasumbua tena."

"Ili uruke tena?"

"Nafanya mazoezi kila asubuhi. Mkono unaanza kusikia. Niliahidi, mdogo wangu. Mzee alinisamehe kwa sharti moja tu, nami nikalivunja mbele ya sanduku lake. Nikifa hivi, nitamwambia nini?"

Nilikata uzi kwa meno. "Nitawaambia wazee," nilisema.

Sikuwaambia. Nilijisemea wiki ijayo, baada ya Pasaka, baada ya majoho. Ukweli ni kwamba nilitaka ateseke kidogo. Mwezi wa saba alirudi, amekonda, kola ya shati imemzidi.

"Wazee wamesemaje?"

"Bado wanafikiria," nilimjibu.

Nilisema uongo ule bila kuinua macho kwenye cherehani, na mguu wangu haukuacha kukanyaga.

"Si neno," alisema. "Wakifikiria zaidi nami nazoea zaidi." Mlangoni akageuka, akajaribu mzaha: "Usinishonee joho tu. Naweza kurukaruka nikajikwaa."

Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyoisikia.

Alipofariki nilikwenda hotelini kuchukua vitu vyake: suti, miwani, karatasi la penseli. Mhudumu alinipokea akiwa hawezi kunitazama.

"Dada, ile 'eeh' yangu..." alianza. "Nimeitubu, lakini haitoki masikioni."

"Achana nayo," nilimwambia. "Alikuwa akifanya nini hapa asubuhi? Zamu yake si saa tisa?"

"Hukuambiwa? Tangu mzee azikwe alikuwa anakuja saa mbili, ukumbi mtupu. Kwanza alifungua piano, akang'oa kinyundo cha noti ya mwisho kabisa kule juu, ambayo hakuna anayeigusa, akakihamishia kwenye jino lililokufa. Likafufuka. Sauti nyembamba kidogo, lakini kulia lilikuwa linalia. Nikamwambia, 'Dimbwi, mbona hukufanya hivi miaka yote?' Akasema, 'Miaka yote lilinipa jina. Sasa limeninyima baba.'"

"Na mkono?"

Mhudumu alifuta meza iliyokuwa safi.

"Mkono ulikataa. Miezi minane, dada. Ule mstari mmoja tu, mara mia kwa asubuhi. Akienda polepole anaigonga. Akienda kwa mwendo wa wimbo, unaruka. Kuna siku aliniita nimbonyeze kidole kwa kidole changu, kama mtoto anayefundishwa kuandika. Wiki iliyopita aliipata mara tatu mfululizo. Alikuja jikoni mbio, akanikumbatia na sinia langu. Akasema, 'Sasa nawangoja wazee tu.'"

Niliketi. Mhudumu akadhani ni msiba, akaniletea maji.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee wa kanisa kupanga mazishi. Alikuwa amesikitika kweli, kuliko nilivyotegemea.

"Nilimkosea siku ile," alisema. "Nilikuwa nangoja aje. Angeomba kuupiga tena, tungempa hata Jumapili hiyohiyo. Mbona hakuja kuomba?"

Nilifungua kinywa. Nikasema, "Sijui, mzee."

Tulimzika Ijumaa. Mwalimu wa kwaya wa sasa alikuwa safarini, na mzee akaniomba mimi, kwa kuwa ni binti wa baba, niupige wimbo kwa ule mkono wa kulia niliobaki nao. Nikaweka karatasi la penseli mahali pake. Watu walikuwa wachache. Mhudumu alikaa nyuma kabisa, mikono miwili juu ya kinywa. Mzee wa besi alikuwapo pia, na kwa mara ya kwanza nilimwona hasinzii.

Nilikusudia kuupiga ulivyoandikwa. Niliona ndilo deni langu kwa wote wawili. Nikapanda mstari wa tatu, nikapanda tena, kidole kikawa juu ya noti ile, nikaiona nyeupe, nzima, haina kosa. Sikuweza kuibonyeza. Si kwamba niliruka. Sina ustadi huo. Kidole kilisimama hewani, kwaya ikaimba sala ya baba bila noti chini yake, nami nikaendelea na mstari wa nne. Ubeti wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Hakuna aliyekuja kuweka kiganja kwenye kifuniko.

Baada ya mazishi mzee wa kanisa alinishika bega.

"Pole, mama," alisema. "Machozi yalikuzuia kuiona noti."

Macho yangu yalikuwa makavu kabisa, na noti niliiona. Nikasema, "Asante, mzee."

Mzee wangu wa kanisa, ukisoma haya: kaka aliomba. Aliomba mara mbili, kwangu.