Stika za Maziwa na Mashine Niliyoichagua kwa Macho

Leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ya soko la Garissa ipasuke inimeze, na kama ningekuwa na uwezo ningewahonga soda wote walioniona ili wanyamaze (mji mzima jamani, ningefilisika). Aibu yenyewe niliinunua mwenyewe, tena kwa kuringa.

Nina kaduka kangu mtaani Iftin, napiga fotokopi na kutoa picha za pasipoti, na wakati huo kalikuwa kanapumulia puani hadi kaka yangu kule Kitui kila akipiga simu ananiuliza narudi nyumbani lini. Ndipo akaja Mama Habiba, muuza maziwa ya ngamia. "Walaalo," akaniita ndugu kwa Kisomali, "mimi na wenzangu tunataka stika ya mtungi. Mtu wa hoteli anakuja Alhamisi kuchagua maziwa, nataka aone jina yangu." Nikapiga hesabu. Stika hizi zikishika, kina mama wote wa maziwa watakuwa wateja wangu; zisiposhika, nifunge virago.

Nikaenda kutafuta mashine ya kulaminesha. Muuzaji akanionyesha mbili: moja ya kuzungusha kwa mkono, haina moto wala umeme, inalaza plastiki laini juu ya stika, ya pili ya umeme, ina taa nyekundu, na karatasi inatoka imekakamaa inang'aa. "Dada, ya stika ni hii ya mkono," akasema. "Ile ya moto ni ya vyeti na kadi." Mimi huyo, na madaraka yangu ya kaduka, nikamjibu, "Nizungushe mkono kama nasaga nyama? Nipe ya taa."

Stika zikatoka zinameremeta, nikazibandika mwenyewe kwenye mitungi mitupu nikibonyeza kwa nguvu. Sasa, kina mama hawa kila mmoja hufunga uzi wa rangi yake kwenye mkono wa mtungi, ili maziwa yakishuka kutoka malishoni Modogashe ajue wake ni upi. Mdomo wangu ukaniponza. "Nyuzi za nini tena? Hayo ni ya zamani, stika ina jina!" Wakazifungua zote (waliniamini, ndilo linaloniuma hadi leo).

Mitungi ikapanda Modogashe, ikafukizwa moshi kama desturi, kila familia na mti wake, ikajazwa maziwa, ikarudi Alhamisi asubuhi juu ya pikapu ikiwa uchi wa mnyama. Plastiki yangu ngumu ilikataa kupinda kwenye tumbo la mtungi, na jua likamalizia kazi, stika zimezagaa sakafuni na moja imemganda mbuzi wa watu. Mitungi yote ya manjano, yote sawa, na kina mama wakaanza kuvutana, "Huu wangu!" "Wallahi ni wangu!" huku yule mzee wa hoteli amesimama anatazama saa.

Nikaparamia pikapu, nikakaa ukingoni nikiokota stika, nikashuka na kupaza sauti, "Stika zangu haziwezi kutoka zenyewe! Kuna mtu amezibandua!" Watu wakacheka. Nikaongeza sauti, wakacheka zaidi, nikadhani wanamcheka Mama Habiba na nikaanza kumtetea kwa mikono miwili hewani, nikizunguka ili kila upande unisikie.

"Dada," mzee wa hoteli akasema polepole, "simama hapo hapo." Akavaa miwani, akasoma mgongoni kwangu, chini kabisa ya mgongo: "Maziwa ya Mama Habiba. Safi na matamu."

Nikaivuta, ikakataa. Ile moja tu ndiyo iliyoshika! Mama Habiba alicheka hadi akakaa chini, na ugomvi ukafa pale pale. Kina mama wakafungua vifuniko, kila mmoja akanusa moshi wa mti wa kwao, akachukua mtungi wake. Mzee akaonja ya huyu na ya yule, kisha akarudi kwa Mama Habiba. "Nitachukua yako kila asubuhi. Na jina lako, mama, sitalisahau maisha yangu."

Nikakimbilia dukani nikiwa nimejifunika leso, nikijua nimekwisha. Kesho yake Mama Habiba akaingia, nyuma yake wenzake wote, na mimi nikaanza kuomba radhi machozi yakinilenga. Akanikatiza kwa lafudhi yake inayogeuza p kuwa b. "Bole, walaalo. Hata chabati ya kwanza inatoka mbaya. Tengeneza ingine, lakini ya kushika mtungi, si ya kushika wewe."

Nikarudi kwa yule muuzaji nikiwa mpole kama kondoo, nikabadilisha mashine na kuongeza kitu juu. Sasa nazungusha mkono, hata umeme ukipotea kazi inaendelea, na mitungi inapanda na kushuka na majina yake. Lakini nimeapa: sitabandika stika ya mteja kabla sijaipinda kwenye mtungi, nikaifukiza, nikaianika juani kutwa. Na uzi wa mtu sitaugusa tena. Kaka aliponipigia juzi, nilimwambia aje yeye, nina kazi nyingi.