Mkesha wa Bondeni

Mzee Buti, mlinzi wa msitu aliyevaa buti hata harusini, alihesabu mikesha kwa miaka ishirini na miwili. Mikesha ni ndege wa mlimani wanaopekua wadudu chini ya majani makavu, na kwa kuwa ni wagumu kuonekana, aliwahesabu kwa sauti zao alfajiri. Mwaka jana aliandika sifuri. Mwaka huu pia. Ofisi ikasema ndege wametoweka, naye akahuzunika kama aliyefiwa.

Asubuhi moja binti yake alimsindikiza hadi bondeni. Mara akamshika mkono.

“Baba, ni ndege gani huyo anayeimba vizuri hivi?”

“Yuko wapi?”

“Si huyo hapo kwenye gogo. Humsikii?”

Mzee alikaza macho. Mkesha alikuwa hatua kumi tu mbele yao, mdomo ukifunguka na kufumbika, lakini yeye hakusikia kitu. Binti alielewa.

Kesho yake mzee alikwenda ofisini.

“Ndege wapo, mkuu. Mimi ndiye sisikii.”

“Tangu lini, mzee wangu?”

“Sijui,” alijibu, na hilo ndilo lililomliza.