Pembe Iliyopita Jichoni

Nakiru hakupenda kuchezeshwa. Kule Lodwar, kila mkubwa wa serikali aliposhuka uwanja wa ndege, wacheza ngoma walianikwa juani tangu alfajiri wamchezee kwa malipo ya kilo ya sukari. Mwaka wa tisini na tano akawaambia maofisa wakatafute wengine, akapanda lori hadi Kakuma, akazungushia miiba kiwanja cha mchanga kando ya mto Tarach, pa kucheza kwa hiari.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Akuch, mkimbizi Mdinka. Akuch alipocheza aliinua mikono mfano wa pembe za ng'ombe, na Nakiru akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe Wadinka nao! Kwa Waturkana pia mwanamume humchezea ngoma maksai wake, mikono ikishika umbo la pembe zake hasa.

Baada ya miaka miwili walikuwa thelathini. Sheria ilikuwa moja: mikuki hubaki nje ya mlango. Mumewe Nakiru, Ekal, alikuwa ameuawa na wezi wa mifugo malishoni upande wa Lokori, ng'ombe wake wakaswagwa. Damu nyingine hakuitaka.

Ndipo akaja Ejore, kijana mrefu, mpole, mchezaji kuwapita wote. Akainua mikono: wa kushoto wima, wa kulia ukapita mbele ya jicho. Nakiru akashindwa kupiga makofi. Pembe haioti hivyo yenyewe. Ekal ndiye aliyeipinda kwa jiwe, ya maksai wake aliyeibwa, na yeye mwenyewe Nakiru alimshika yule ng'ombe kichwa.

Akamvuta kando. "Hiyo ng'ombe ulitoa wapi?"

"Nilibadilisha na ngamia, mama. Soko ya Lokori."

Nakiru alitaka sana kumwamini. "Jumapili shemeji yangu anakuja. Usicheze hiyo."

"Sasa nicheze gani? Mimi niko na hiyo moja tu."

Hakumwambia sababu. Aliogopa kwamba neno likishatoka, kiwanja kingekwisha. Lakini la kuvunda halina ubani.

Jumapili Ethuro, ndugu ya Ekal, akaacha mkuki wake mlangoni kwa adabu. "Ejok," akasalimia, akakaa akitafuna tumbaku. Ejore alipoinua mikono, taya la Ethuro likasimama. Kisha akatabasamu, akaingia uwanjani, akasimama ubavuni mwa kijana na kuinua mikono yake: wa kushoto wima, wa kulia jichoni. Watu wakashangilia. Akuch akapiga vigelegele.

Nakiru alipenya katikati yao hadi mlangoni, akasimama mbele ya mikuki. Ngoma ilipokwisha wakaja wawili wale, Ethuro amemshika Ejore bega.

"Kijana ananipeleka nione ng'ombe yake," alisema Ethuro.

"Shemeji, nakuomba. Hapa hakuna damu."

"Hapa, kweli, hakuna. Sheria yako nimeshika." Akanyoosha mkono nyuma ya Nakiru, akachukua mkuki wake.

Walikuwa wameshafika mbali Nakiru alipopaza sauti. "Ejore! Rudi!"

Upepo ulikuwa mkali. Kijana akageuka, akadhani anaagwa, akainua mikono juu: wa kushoto wima, wa kulia jichoni.