Cheni Inataka Mafuta

Mama mkwe wangu aliniwekea sheria moja kuhusu baiskeli: niikokote kutoka mlangoni hadi kwenye kona, nikishapita nyumba ya mwisho ya majirani ndipo nipande. "Bamama habapandake kinga," alisema siku niliyoishusha kwenye lori. Kinga ni baiskeli kwa Kiswahili cha Goma, alikoishi miaka mingi kabla ya kurudi Gisenyi. Mimi nilikulia Karagwe, na kwetu kinga ni chanjo. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba kina mama ndio hasa wanaopaswa kuipata, tena mapema. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaingia ndani.

Ndivyo tulivyoanza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, watu waliokimbilia nje wanarudi nyumbani kutoka kila upande, kila mmoja na lugha yake mdomoni. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo mimi na Mama tulikutana kwenye Kiswahili, na hata humo hatukukutana sawasawa.

Baiskeli nilipewa na baba yangu nilipoolewa. Niliitumia kwenda kufundisha kwenye shule ndogo upande wa Nyundo, nikishika nafasi ya mwalimu aliyejifungua. Njia ya kwenda ni kupanda tu. Teksi za asubuhi zilijaa wachuuzi wa soko la Mahoko na magunia yao. Ukisema ungoje nafasi, utafika wanafunzi wakiwa mapumzikoni. Bila baiskeli sina kazi, ni hivyo tu. Na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa ameikodolea macho kitambo, anataka kushushia viazi kutoka Bugeshi. Mume wangu, ambaye hapendi kelele wakati wa kula, alikata shauri tukiwa mezani: niitumie, lakini siku ikinishinda njiani, apewe mdogo wake. Mama akasema ni vizuri. Na mimi nikasema ni vizuri. Moyoni nikasema, mtangoja sana.

Nilikuwa na sababu ya kujivuna. Baba alinifundisha kwamba baiskeli haizeeki kwa safari, inazeeka kwa uchafu, na barabara zetu zilikuwa na lile vumbi jeusi la volkeno linalotafuna chuma kama msasa. Kwa hiyo kila Jumamosi niliipindua miguu juu nyuma ya jiko. Nilifuta cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikasugua yale meno yanayoshika cheni, ya mbele na ya nyuma, kwa mswaki uliochakaa, nikakausha, kisha nikadondosha mafuta ya cherehani kidogo kwenye kila kiungo. Halafu unafuta tena. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani cheni inayong'aa kwa mafuta ndiyo iliyoshiba. Mafuta yakae ndani ya viungo, yanayobaki nje ni mtego wa vumbi. Mama alikuwa akinitazama kutoka dirishani, akisonya.

Jumamosi moja malaria ikanilaza. Nililala natetemeka, na kila nilipofumba macho niliwaza ule mlima wa Jumatatu. Nikasema kwa sauti, simwambii mtu, "Cheni inataka mafuta, na mimi hata kusimama siwezi." Mama alikuwa amenishikia kikombe cha uji.

Jumatatu nikaamka kichwa kizito lakini nimepona. Kulikuwa na baridi. Nikaikokota hadi kwenye kona, nikapanda, na pale pale nikasikia miguuni kwamba mambo si mambo. Pedali zilikuwa nzito, kana kwamba nakanyaga ugali. Nikadhani ni mimi, mwili bado dhaifu. Mlima ulipoanza, cheni ikaanza kuruka meno, ka, ka, ka, kisha ikachomoka kabisa na mimi nikaanguka ubavu mbele ya wanawake waliobeba karoti. Waliniinua na kunipa pole, ila mmoja alicheka hadi akashusha kapu lake. Nikarudisha cheni kwa kijiti, haraka haraka bila kuitazama, ikachomoka tena. Mwisho niliikokota hadi shuleni, na mkuu wa shule alikuwa amelishika darasa langu mwenyewe. Hakunifokea. Aliniambia kwa upole kwamba ikitokea tena itabidi atafute mtu anayekaa karibu na shule. Ule upole ndio ulionitisha.

Kurudi ni kuteremka, niliiacha ijiendee yenyewe. Shemeji nilimkuta amekaa barazani. Alitazama sketi yangu iliyochanika, akatazama baiskeli, akauliza imenishinda? Nikamwambia haijanishinda. Akasema basi atarudi jioni kaka yake akiwepo, tuongee. Aliondoka akipiga mluzi.

Nikaipindua baiskeli nyuma ya jiko. Cheni ilikuwa nyekundu! Nyekundu ya udongo, imeganda, na juu yake vumbi jeusi limejipaka unene wa kidole. Viungo havikupinda. Nikanusa. Mawese! Mtu alikuwa ameimwagia cheni yangu mawese, na kwa baridi ya asubuhi yakaganda kama yanavyoganda kwenye chupa.

Nilipandwa na hasira, na sioni haya kusema. Hasira hasara, najua, lakini nani mwingine nyumbani mle alikuwa na mawese? Chupa ilikuwa ya Mama. Dada yake alimletea kutoka Goma, naye aliificha nyuma ya kitanda na kuyapima kwa kijiko kwenye maharage ya Jumapili. Nikaenda kumsimamia mlangoni, mikono myeusi, na kumuuliza nani ametia mawese kwenye cheni.

"Ni mi," alisema. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Ulisema sheni inataka mafuta. Nikaipatia."

Nikamuuliza kwa nini mawese. Akashangaa kweli kweli. "Mafuta gani ingine iko? Ile ndio mafuta muzuri. Njia ya Nyundo ni mulima, na we uko mugonjwa. Nilitaka ikubebe."

Nikatazama ile chupa nyuma ya kitanda. Mawese yalikuwa yamefika chini kabisa. Nikataka kulia na nikataka kucheka.

Nikamweleza, polepole, tofauti ya mafuta ya kula na mafuta ya chuma. Alisikiliza, akasimama, akafunga kitenge vizuri na kusema, "Leta petroli, tuioshe." Nikamwambia Mama, hapana, jiko linawaka hapo, petroli itatuunguza wote. Tukabishana. Alidhani nimezidi kudeka. Mwisho akaingia ndani akatoka na chupa ya kutilia taa, akanisogezea puani: mafuta ya taa! Kumbe kwake petroli ndiyo hiyo. Petroli ya kwetu yeye anaiita esanse. Tulicheka hadi jirani akachungulia juu ya ua.

Basi tukakaa chini wawili. Nilifungua kiungo cha cheni kwa koleo, tukailoweka kwa mafuta ya taa kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Yeye alichokonoa tope katikati ya meno ya gurudumu la nyuma kwa msumari, jino kwa jino, kama anavyochambua mchele. Hakuacha hata moja. Mafuta ya kwanza yakatoka mekundu, tukamwaga, tukatia mafuta ya taa mengine. Tulipokausha na kuirudisha, nikadondosha mafuta ya cherehani, naye akaninyang'anya kitambaa akafuta yaliyobaki nje. Kumbe kule dirishani alikuwa akijifunza. Akazungusha pedali kwa mkono na kutega sikio. Haikutoa sauti.

Jioni shemeji akaja, mume wangu akiwepo. Akaeleza habari ya kuanguka kwangu kana kwamba alikuwapo. Ahadi ni ahadi, alisema, na baiskeli imenishinda. Mume wangu akanitazama. Nilikuwa nimefungua mdomo, lakini sikujua nianzie wapi bila kumwaibisha mkwe wangu mbele ya wanawe. Kwetu hilo halifanyiki.

Mama akaweka sahani chini. "Kinga haikumushinda," alisema. "Ni mi niliiharibu. Na tumeitengeneza."

Shemeji akamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema wanawake hawapandi. Mama akamjibu ale, chakula kinapoa.

Asubuhi nikatoa baiskeli na kuanza kuikokota kama kawaida. Jirani alikuwa anafagia, mwingine amesimama na ndoo, na Mama amefika kwenye kizingiti, mikono bado inanuka mafuta ya taa.

"We unaenda wapi na miguu?" aliniuliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Pandia hapa."