Kumuaga Mama Mkwe

Afisa wa dawati la jinsia aliniambia mara tatu: usimuage mtu. Ondoka mchana mumeo akiwa kazini, beba kidogo, gari la ustawi wa jamii litakungoja nyuma ya mashine ya kusaga. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili zake.

Lakini mimi nimelelewa Kongwa. Kwetu mke wa mtu hatoki uani bila kumuaga mama mkwe, hata akienda kuchota maji. Siku ile upepo wa Ipagala, nilikoolewa, ulikuwa ukitembeza vumbi taratibu, jua limepauka, nami nikajiona nikipita uani kana kwamba ni mwanamke mwingine aliyevaa kanga zangu. Miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye kigoda chake, alipokuwa akichambua mlenda. Nikapiga goti.

"Mama, ninakwenda mashineni."

Aliutazama mfuko wangu. Hamkuwa na mahindi mle, mlikuwa na magauni mawili na kitambulisho. Nimekwisha, nikawaza. Akimpigia simu mwanawe nitarudishwa kabla sijafika barabarani, na safari hii huenda nisiinuke tena. Niliichukia hiyo adabu yangu ya kijinga.

"Usiniambie ni wapi," akasema, macho kwenye ungo. "Nikijua, atanibana mpaka niseme."

Akapandisha mkono wa gauni kidogo. Lilikuwepo kovu ambalo siku zote aliniambia ni la uji wa moto. Akaushusha.

"Haya nenda, mwanangu. Leo foleni ni ndefu."

Njia siikumbuki vizuri. Naona tu mashamba ya zabibu kwenye dirisha la gari, ya kijani mno, na dereva asiyeuliza kitu. Nyumba salama niliyopelekwa haikuwa na kibao. Mlezi wa pale alinipa chai ya rangi, kitanda chenye shuka safi na chumba kinachofungwa kwa ndani. Nilifunga na kufungua komeo mara nne, kwa raha tu.

Jioni alinijazia fomu. Alipokuwa akifunika kalamu nikamwambia kuna mama mzee amebaki kule, naye anapigwa na mtu yuleyule. Akaniuliza kama mama huyo akifuatwa atakubali kutoka.

Tumeishi naye ua mmoja miaka sita, na sikuwahi kumuuliza.